Reki Mpya ya Gari la Naamini

Kabla sijawaambia lolote, nyosheni mikono nione vidole gumba vyenu. Haya. Vyote vizima? Vitunzeni. Ukishika usukani wa gari la porini, kidole gumba kilale juu ya duara pamoja na wenzake. Kisijikunje kwa ndani kama kinaogopa kuachwa. Gurudumu la mbele likigonga jiwe, usukani hujizungusha wenyewe kwa hasira, na ule mkono wa chuma wa katikati ukikikuta kidole njiani hauombi kupishwa. Nimeanza na hili kwa sababu ndilo mtakalosahau kwanza.

Nyie mnaokuja kunisalimia hapa nyumbani mna tabia moja. Shikamoo yenu haijafika chini, marahaba yangu ingali mdomoni, tayari mmenitia simu usoni: "Mama Fundi, hebu tazama video hii, huyu Mzungu amefunga reki kwa dakika kumi." Nimeitazama. Amefunga vizuri. Ila sakafu yake ni safi kuliko meza yangu ya kulia, na hakuna upepo wa Same unaomjaza mchanga kwenye grisi. Siichukii simu. Imenifundisha mengi, tena haijawahi kunikaripia kwamba sishiki tochi vizuri. Lakini leo izimeni kidogo, niwasimulie gari la Naamini.

Naamini ni mfanyabiashara wa tangawizi kutoka Myamba, kule juu milimani. Kila siku ya soko alishuka na Canter yake imejaa magunia, na barabara ile mnaijua: kona juu ya kona, upande mmoja mlima, upande mwingine hewa tupu. Mtu akiizoea barabara ile, uwanda wa huku chini anauona kama sebule. Basi yakaanza haya mashindano ya magari ya porini huku kwenye tambarare, na Naamini akaamua kuwa naye atashindana. Akanunua gari la kuundwa na watu: fremu ya mabomba, kiti kimoja katikati, injini nyuma, magurudumu makubwa ya kutisha watoto. Aliyeliunda alijitahidi kwa mengi, ila kwenye usukani aliishiwa pumzi. Alifunga reki ya kigari kidogo cha mjini.

Reki, kwa ambaye hajawahi kulala chini ya gari, ni lile fimbo la chuma lenye meno lililolala kati ya magurudumu ya mbele. Ukizungusha usukani, gia ndogo inalisukuma kushoto au kulia, nalo linasukuma magurudumu. Ile ya Naamini ilikuwa nyembamba kama mwiko wa ugali. Siku moja akiwa mazoezini gurudumu likapiga jiwe, usukani ukamzunguka mkononi, kidole gumba kikavunjika.

Akaja gereji kwetu kidole kimefungwa bandeji nyeupe, nyuma yake amefuatana na mama yake. Mama Naamini ni mwanamke mfupi, mzee wa kanisa kule kwao, anayefunga kilemba kana kwamba anafunga mzigo wa safari ndefu. Hakuketi nilipomkaribisha. Alilizunguka lile gari lililokuwa limebebwa juu ya Canter, akalitazama kama anavyotazamwa mchumba asiyetakiwa.

"Wewe ndiye Mama Fundi?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu."

"Huyu mtoto anasema utamtengenezea. Mimi nimekuja kukuomba usimtengenezee."

Naamini akainamisha kichwa. "Mama, tulishaongea njiani."

"Wewe uliongea. Mimi nilikuwa natapika kona." Akanigeukia. "Baba yake alikuwa dereva wa lori. Alishuka barabara hii hii mimi nikiwa nimekaa pembeni yake. Kwenye kona akazungusha usukani, lori halikugeuka. Alizungusha hivi, hivi, hivi," akawa anazungusha mikono hewani, "na magurudumu yanatazama mbele tu. Mimi nilitoka kwa mlango. Yeye hakutoka. Nimeshazika mmoja wa usukani, Mama Fundi. Sitazika wa pili."

Nikamjibu kitu pekee kilichonijia. "Mama, nikikataa mimi, atakwenda kwa mwingine, naye atampaka grisi palepale penye ubovu amwambie tayari. Niachie. Halitatoka hapa mpaka wewe mwenyewe uridhike."

"Na nisiporidhika?"

"Nitalikata kwa msumeno mbele yako."

Naamini akanitolea macho. Mama yake akafikiri, kisha akasema, "Nitauleta huo msumeno mimi mwenyewe," ndipo akakubali kuketi na kunywa chai.

Sasa niwaambie kidogo habari za aliyenifundisha, kwa sababu naye yumo. Mzee Kazeni alikuwa ameshastaafu wakati ule, lakini alikuwa akija gereji kila asubuhi kutuonyesha tunavyokosea. Siku yangu ya kwanza kazini, nikiwa binti na ovaroli lililonizidi, aliniambia nilale chini ya lori, nishike kiungo cha fimbo ya usukani kwa kiganja, yeye akapanda juu kutikisa usukani kidogo kidogo. "Usitazame," aliniambia. "Macho ni mashahidi wa uongo. Shika tu. Kiungo kilichochakaa kinagonga ndani ya kiganja kama kifaranga ndani ya yai." Nikashika. Kweli, kikagonga. Nikashangaa, nikaendelea kushika. Baadaye kikaacha kugonga. Nikadhani labda kimepona. Nikakaa pale mpaka watu wakaenda kula na kurudi, ndipo nikatoka kuchungulia: Mzee Kazeni alikuwa amelala usingizi mzito, kichwa juu ya usukani. Lakini somo lile limenilisha maisha yangu yote. Nanyi kabla hamjafungua kitu, shikeni kwanza. Mmoja atikise, mwingine ashike. Hakikisheni tu anayetikisa yuko macho.

Mzee Kazeni hakuwa na imani na reki. Yeye alilelewa na lile boksi la usukani la malori ya zamani, zito kama jiwe la kusagia. "Reki," alikuwa akisema, "ni ya magari ya kwenda harusini." Nilipomwambia nataka kumfungia Naamini reki nene ya pikapu, tena yenye pampu ya mafuta ya kuusaidia usukani, alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Mimi nitachomelea. Ili isije ikaanguka, jina langu likaingia doa."

Reki tuliipata kwenye pikapu iliyokuwa imepinduka maeneo ya Kifaru na kuuzwa kama chuma chakavu. Hapa sikilizeni vizuri. Reki ya gari lililopata ajali inaweza kuwa imepinda usione. Itoeni, ing'arisheni, ivingirisheni juu ya kioo kinene kama mnavyosukuma chapati. Ikiruka, iacheni huko huko, hata kama inang'aa vipi. Ile yetu ilivingirika kimya. Tukaibadilisha sili zote za mpira, tukaivisha raba mpya za kuzuia vumbi, maana vumbi la Same likiingia kwenye meno ya reki linayala kama msasa.

Tatizo likawa nafasi. Kwenye pikapu, reki ilikaa nyuma ya mstari wa magurudumu. Kwenye gari la Naamini, nyuma palikuwa na miguu ya dereva na pedali zake. Tukaamua kuifunga mbele, tukageuza na mikono inayoshika magurudumu ielekee mbele. Mzee Kazeni akachomelea vishikizo vizuri, mshono umetulia kama wa fundi cherehani. Tukajaza mafuta, tukawasha injini, Naamini akazungusha usukani kwa kidole kimoja. Mwepesi! Akazungusha tena. Tukapiga makofi. Mzee Kazeni mwenyewe akajaribu, akasema, "Mh," na kwake yeye hiyo ni hotuba. Kila mtu alitazama usukani unavyozunguka kwa wepesi. Hakuna, nasema hakuna, aliyetazama magurudumu yanaelekea wapi.

Tukalipandisha gari juu ya Canter, tukaenda nalo tambarare kwenye eneo la wafugaji, mahali pa wazi. Tukalishusha kwa mbao, moja kwa moja, bila kukata kona. Naamini akavaa helmeti, akaondoka taratibu. Mbele yake, upande wa kushoto, palikuwa na boma la Mzee Sironka, mfugaji ninayemfahamu siku nyingi, na uzio wake wa miiba. Naamini akakata kulia kulikwepa. Gari likaenda kushoto. Akakata kulia zaidi. Likaenda kushoto zaidi, kwa utii kabisa, likaingia kwenye uzio mpaka katikati na kusimama humo, limeivaa miiba kama taji.

Ng'ombe hawakuwemo, walikuwa malishoni, Mungu ni mwema. Mzee Sironka akatoka na fimbo yake, akalitazama gari, akamtazama Naamini akitoka mzima miiba ikimshika suruali, akanitazama mimi.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Mama Fundi, ng'ombe wangu nikimwambia nenda kulia, anaenda kulia. Na hana usukani."

"Tutajenga uzio, mzee."

"Mtajenga. Na hili gari lenu halisikii. Lisije tena hapa mpaka lisikie."

Tulikaa mchana kutwa tukikata miiba na kujenga upya, Mzee Kazeni akiwa kivulini, anacheka peke yake, anafuta machozi, anaanza tena.

Mmeshaelewa kilichotokea? Reki iliyoundwa kukaa nyuma, ukiihamishia mbele ikiwa imekaa vilevile, inageuza kila kitu. Inasukuma upande uleule, ila sasa inasukuma ncha nyingine ya mkono, kwa hiyo gurudumu linageukia kinyume. Dawa yake si uchawi. Unaifungua, unaizungusha uso kwa kisogo, ile gia ndogo iliyokuwa nyuma ya fimbo sasa inakuwa mbele yake, tena inahamia upande wa pili wa gari. Na kwa kuwa kiti cha Naamini kilikuwa katikati, tulichohitaji ni kupeleka shafti ya usukani upande wa pili kwa kutumia krosi mbili za kupindisha njia. Vishikizo vya Mzee Kazeni vikakatwa vyote. Alivikata mwenyewe, hakucheka tena.

Tangu siku ile, nikiwa nimefunga usukani wa aina yoyote, hata wa toroli, nanyanyua mbele kwa jeki, nazungusha kulia, nainuka, nakwenda kutazama kwa macho yangu gurudumu limekwenda wapi. Nanyi fanyeni hivyo. Watu watawacheka. Waacheni wacheke.

Tulipomaliza kuigeuza, nilidhani tumemaliza kabisa. Naamini akafanya mzunguko mfupi barabara ya vumbi nyuma ya gereji, akarudi na uso umekunjamana.

"Mama Fundi, linakata kona vizuri. Lakini kila nikipita kwenye shimo, linachungulia pembeni lenyewe. Kama linatafuta mtu."

Huo ni ugonjwa ambao usukani mwepesi unauficha. Gurudumu la gari la porini linapanda na kushuka sana. Likipanda, fimbo ya usukani nayo inapanda, na kama reki iko juu mno au chini mno kuliko mikono ya springi inayobeba gurudumu, fimbo hiyo inavuta gurudumu ligeuke wakati dereva hajagusa kitu. Tukatoa springi za mbele, tukaufunga usukani usicheze, tukasimamisha ubao ulionyooka kando ya gurudumu, kisha nikalipandisha gurudumu kwa jeki kidogo kidogo huku Naamini akipima nafasi kati ya ubao na tairi, mbele na nyuma. Likawa linageuka kweli, linachungulia. Tukashusha reki kwa kupunguza vipande vya chuma chini yake. Tukapima. Bado. Tukapunguza tena. Kazi ile inachosha na haina sifa, hakuna anayekuja kuipiga picha. Lakini ilifika mahali gurudumu likapanda mpaka juu na kushuka mpaka chini, na ubao ukabaki umbali uleule. Mzee Kazeni, aliyekuwa akitazama kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe hii reki yenu ina akili," akaomba apandishe jeki mwenyewe mara moja zaidi, aone tena.

Ndipo nikatuma salamu Myamba kwamba mama aje.

Akaja. Na msumeno kweli, umefungwa kwenye kanga. Akaniambia nimwoneshe kila kitu. Nikatandika boksi la karatasi chini, tukalala chini ya gari wote wawili, yeye na kilemba chake. Nikamwekea kiganja juu ya kiungo, nikamwambia Naamini atikise usukani. "Unasikia kitu kinagonga, mama?"

Akakibana kwa vidole vyote. "Hakigongi."

"Kikianza kugonga, ndiyo kinaomba kubadilishwa. Kinaomba mapema, kabla hakijakatika. Anayeshika hivi kabla ya kila safari hashtukizwi."

"Lori la baba yake," aliuliza polepole, akiwa bado amelala pale na uso unatazama juu kwenye vyuma, "nalo lingekuwa linagonga?"

Sikuwa na namna ya kujua, na nilimwambia hivyo. Lakini nilimwambia pia kwamba siku zile madereva walishuka mlima bila mtu wa kuwashikia. Alibaki na kiganja chake juu ya kile kiungo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mimi nilibaki pembeni yake. Kisha akajivuta nje, akajikung'uta vumbi, akamwambia Naamini, "Utakwenda. Lakini utashika hivi kila siku, na mimi nitakuwa nakuangalia." Msumeno akaniachia. Ninao mpaka leo, ni mzuri sana kwa kukata mabomba.

Mashindano yenyewe yalikuwa na vumbi kuliko magari. Tulisimama kwenye kilima kidogo: mimi, Mzee Kazeni, Mama Naamini, na Mzee Sironka aliyesema amekuja kulinda uzio wake. Naamini alianza katikati ya kundi. Tulimfuata kwa lile wingu lake la vumbi, na alikuwa akipita wengine kwenye mawe, palepale ambapo wao walikuwa wanapunguza mwendo kwa sababu usukani unawapiga mikono. Nilikuwa nimeanza kujivuna.

Kisha Mzee Sironka akasema neno kwa Kimaa na kunyoosha fimbo. Upande wa pili wa njia, kundi la ng'ombe wa jirani yake lilikuwa limetoka vichakani, linavuka. Waamuzi walipuliza filimbi na kupunga bendera, lakini mtu aliye ndani ya vumbi haoni bendera. Mama Naamini akanishika mkono. Hakupiga kelele. Aliushika tu, na nilihisi mikono yake imeanza kuzunguka, hivi, hivi, kama siku ile gereji.

Naamini aliwaona akiwa karibu sana. Hapakuwa na nafasi ya kusimama. Akakata kushoto mbele ya fahali, gari likaegemea mpaka tukaona tumbo lake, akakata kulia kukwepa mti wa miiba, gurudumu la mbele likagonga jiwe ambalo mlio wake ulitufikia pale juu, na gari halikuchungulia popote. Akanyoosha katikati ya ng'ombe wawili waliomtazama kama anawachelewesha, akatoka upande wa pili. Akasimama. Akazima injini, akashuka, akaanza kupunga mikono kuyasimamisha magari yaliyokuwa nyuma yake mpaka ng'ombe wa mwisho akavuka.

Kwa hiyo hakushinda. Aliyekuwa mbele alikuwa keshafika. Lakini Mzee Sironka alipiga fimbo yake ardhini na kuniambia, "Leo limesikia," na jioni yake akaleta maziwa ya kutosha kuogea.

Watu walipotawanyika, Naamini akanipa helmeti. "Mama, hujawahi kuliendesha." Ilikuwa kweli. Miaka yote ya kutengeneza, nilikuwa nikiyaendesha magari ya watu kutoka mlangoni mpaka kwenye shimo la kuangalia chini, basi. Nikakaa kwenye kile kiti, vidole gumba juu, nikaenda. Nawaambieni ukweli wanangu, nilipiga kelele kama binti wa shule. Jiwe likigonga gurudumu, kiganjani lilinifikia kama mtu anayebisha hodi kwa adabu.

Niliporudi, Mama Naamini alikuwa amesimama njiani, kilemba ameshakifungua.

"Nipe hiyo kofia."

"Mama," Naamini akasema, "tangu lini unaendesha?"

"Baba yako alinifundisha kabla hujazaliwa. Nipishe."

Akapanda, sketi akaikusanya, akatikisa usukani kidogo, akachungulia nje kuona magurudumu yameelekea wapi. Kisha akaondoka. Alizunguka uwanda ule mara moja, mara mbili, halafu tukaacha kuhesabu. Kila alipopita karibu nasi aliongeza mwendo. Jua lilikuwa linaegemea milima, Mzee Kazeni amelala kwenye kiti cha Canter, na mama bado yumo garini. Hatimaye injini ikakohoa, gari likapunguza mwendo na kusimama mbali kidogo. Tukakimbia wote. Tulimkuta ameketi, mikono juu ya usukani, anauzungusha kushoto na kulia polepole, anatazama magurudumu yakimfuata. Uso ulikuwa vumbi tupu, na katikati ya vumbi michirizi miwili ya maji.

"Mafuta yamekwisha, mama," Naamini akamwambia. "Shuka twende."

Hakutugeukia.

"Nisukumeni," akasema. "Sijamaliza."